MASHAURI YA UFUNDI: Skrubu Zenye Mpira

Mara nyingi pampu ya maji au mashine ya kusaga huharibika, si kwa ubovu wa chuma, bali kwa pete ndogo ya mpira. Skrubu ya kuzibia huwa na pete hiyo chini ya kichwa chake. Ikikazwa, mpira hubanwa, na maji, vumbi na mafuta hayapiti.

Anunuaye na aulize kwanza, Itagusa kitu gani? Mpira wa nitrili hustahimili mafuta ya injini. Ule uitwao EPDM hufaa kwa maji ya moto na mvuke, lakini mafuta ya injini huuvimbisha na kuulegeza. Na penye maji, skrubu yenyewe iwe ya chuma kisichoshika kutu.

Skrubu hizi zaweza kufunguliwa na kukazwa tena, lakini si milele. Kila ifunguliwapo, fundi autazame mpira. Ukiwa umepasuka, umekuwa mgumu au umebaki bapa, aubadilishe. Wala asikaze kupita kiasi, maana utakatika.

Aonaye bei ya pete kuwa ghali na akumbuke bei ya pampu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.