Nguva Asiyelipa: Dhidi ya Utetezi wa The Little Mermaid II

Imekuwa desturi katika baadhi ya semina za fasihi kudai kwamba filamu za katuni zinazoendeleza ngano mashuhuri ni fasihi simulizi iliyovaa joho jipya. Fanani, wasema watetezi wa mtazamo huu, hasimulii ngano moja mara mbili kwa namna ile ile. Iweje basi studio ilaumiwe kwa kuongeza sura moja baada ya harusi? Hoja hii inavutia, lakini ni potofu. Fanani huibadilisha ngano kutoka ndani, kwa kuwa hadhira iliyo mbele yake humlazimu apime upya nani anastahili adhabu na kwa nini. Mwendelezo wa kibiashara hauipimi ngano hata kidogo; huiacha ilivyo, kisha huuza kipande kingine chenye wahusika wale wale.

Mfano ulio wazi ni The Little Mermaid II: Return to the Sea, filamu ya nyimbo ambayo kampuni ya Walt Disney iliitoa mwaka 2000 moja kwa moja kwa soko la video. Ili kuihukumu kwa haki, ni sharti ikumbukwe ngano inayodaiwa kuendelezwa. Katika ngano ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1837, kila kitu kina gharama. Nguva hukatwa ulimi ili apate miguu. Kila hatua aipigayo humchoma kama akanyagaye visu. Mwana wa mfalme humwoa mwingine. Naye, akikataa kumuua ili ajiokoe, hugeuka povu, kisha binti wa hewa atakayeitafuta roho isiyokufa kwa miaka mia tatu ya matendo mema. Filamu ya mwaka 1989 ilikwisha kulipunguza deni hilo: sauti inarudishwa, miguu inatolewa bure na baba. Hata hivyo, angalau sauti ilipotea kwa muda, na ukimya wa Ariel ulikuwa na uzito katika msuko.

Mwendelezo wake unalifuta deni lililosalia. Yapo, inafaa kukiri, wazo moja zuri ndani yake. Ariel, aliyeasi amri ya baba yake Triton, sasa ni mama anayejenga ukuta baharini na kumficha binti yake, Melody, asili yake ya majini. Aliyevunja katazo amegeuka mtunga katazo. Hapa palikuwa na ngano nzima! Lakini watunzi waliogopa. Katazo la mama linahalalishwa tangu mwanzo na tishio la Morgana, dada yake Ursula, dhidi ya mtoto mchanga. Kwa hiyo Ariel hana kosa la kujibu, ila kosa dogo la kutosema ukweli. Melody naye anapewa mkia kwanza, ndipo anapotumwa kuiba mkuki wa babu yake. Na mwishoni, Triton anapomtaka achague kati ya bahari na nchi kavu, anautumia mkuki huo kuuyeyusha ukuta, na hivyo anaepuka kuchagua. Ngano iliyosimama juu ya uchaguzi mmoja usiorudi nyuma imepata mrithi asiyechagua lolote.

Watajibu kwamba hii ni kazi ya watoto. Jibu hilo ni dhaifu kuliko yote, maana Andersen alichapisha ngano yake katika mfululizo uliotangaza kwenye jalada kwamba ni hadithi zilizosimuliwa kwa watoto. Hakuona sababu ya kuwaficha watoto hao povu wala visu.

Wala haifuati kwamba kila mwendelezo ni haramu. Andersen mwenyewe alikuwa akimjibu mtangulizi wake: katika Undine ya Fouqué, iliyotoka mwaka 1811, kiumbe wa majini hupata roho kwa kuolewa na binadamu. Andersen aliona si sawa roho ya kiumbe itegemee mapenzi ya mwingine, na ndiyo sababu nguva wake anaachwa bila mume lakini na njia yake mwenyewe. Dvořák naye, katika opera yake Rusalka ya mwaka 1901, alimrudisha mwana wa mfalme kwa nguva aliyemsaliti, akamfanya afe kwa busu aliloliomba kwa hiari. Kila mmoja wa hawa alikuwa na ugomvi na aliyemtangulia, na ugomvi huo ndio unaoipa kazi yake haki ya kuwapo.

Filamu ya mwaka 2000 haigombani na yeyote. Hata ilipohitaji adui mpya, ilimwita Pat Carroll, mwigizaji yule yule aliyempa Ursula sauti mwaka 1989, ikamkabidhi dada.