Tanuri la Risasi Likigoma
Mvuvi anayejitengenezea nyumbani chubwi na ndoana zenye kichwa cha risasi huwahi kuulaumu umeme kila tanuri lake dogo linapogoma, wakati kosa mara nyingi limo ndani ya chungu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi. Zinki hungoja hadi 419. Kipande kimoja cha zinki, pengine kipande cha uzani wa kusawazisha gurudumu kilichookotwa gereji, kikiingia humo na moto ukazidi, mchanganyiko wote huwa mzito kama uji na kuziba tundu la kumiminia. Basi pandisha moto taratibu, uchote vinavyoelea kabla havijayeyuka. Tundu likivuja, safisha taka zilizoganda kwenye kijiti cha chuma kinacholiziba. Vichwa vikitoka na makunyanzi, kalibu bado ni baridi. La kuogopwa kuliko yote ni maji: tone likizama katika risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kukurushia madini ya moto usoni. Wala usivunje betri za gari kutafuta risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia watoto sumu mwilini. Yeyushia nje, vaa miwani na glavu, na watoto wakae mbali.