Pampu imekufa? Nionyeshe maiti!

Nimepotea kidogo, nilikuwa Ilula kwa mjomba wangu, na nimerudi na hasira ambayo safari nzima ya basi haikuipooza.

Mjomba ana pikapu, Hilux ya zamani yenye injini ya 3L. Hiyo ndiyo inayotoa nyanya shambani mpaka barabara kuu, na hiyo ndiyo inayosomesha watoto. Ikaanza kusumbua. Asubuhi unapiga selfu mpaka betri inaomba poo. Ikishawaka, sawa, lakini ikikutana na mzigo na kilima inakosa pumzi, inakohoa, inazima. Akaipeleka gereji mjini. Fundi akafungua boneti, akaagiza ipigwe selfu mara mbili, akatamka: "Mzee, pampu imekufa."

Dakika tano! Hakuna spana iliyoshikwa. Mjomba akauza ng'ombe, akaongezea mkopo wa kikundi, laki saba na nusu ikaenda kwenye pampu ya mtumba. Ikafungwa, gari likawaka, watu wakashangilia. Kesho yake asubuhi ugonjwa uleule. Matenga kumi na nane ya nyanya yakaharibikia shambani wakati mwenyewe anasukumana na gari.

Sasa nisikilizeni, maana hili linawahusu wengi. Injini hizo hazina pampu nyingine kule kwenye tenki ya kusukuma dizeli mbele. Pampu kubwa pale kwenye injini ndiyo inayovuta yenyewe, kupitia mipira, bomba na filta. Kwa hiyo mpira ukipasuka kidogo upande huo, hautavuja dizeli uione chini. Utaingiza hewa. Gari likilala usiku, dizeli inarudi tenkini, na asubuhi pampu inavuta upepo. Kwenye kilima injini inadai dizeli nyingi, inapata mapovu. Dalili zote za pampu iliyokufa, na pampu ni nzima! Na kwa nini liliwaka siku ile pampu "mpya" ilipofungwa? Kwa sababu baada ya kufunga walipampu kwa mkono pale juu ya filta wakatoa hewa. Wangefanya hivyo hivyo kwa pampu ya zamani lingewaka pia, na ng'ombe angekuwa zizini.

Aliyeligundua ni mzee mmoja, dereva wa zamani wa malori. Alichukua kidumu cha lita tano, akakijaza dizeli safi, akakiweka juu kuliko injini. Mpira mmoja kutoka kwenye kidumu mpaka pampu, mwingine wa kurudishia mafuta akauingiza humo humo kidumuni. Tenki, mabomba na filta vyote vikawa nje ya mchezo. Akatoa hewa, gari likapanda kilima na mzigo bila kukohoa. Basi, pampu haina kesi. Akarudisha mfumo kama ulivyokuwa, akaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, mapovu yakapita tukiyaona kwa macho. Akafuata bomba mpaka akaukuta mpira umechanika juu ya chesisi. Bei ya mpira ule haifiki hata ya soda za wale vijana waliofunga pampu.

Na kabla ya kidumu kuna mambo madogo ambayo fundi mwenye heshima ataanza nayo. Filta imebadilishwa lini? Kuna maji chini yake? Mfuniko wa tenki unapumua? Ile swichi ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu, ukiwasha ufunguo inalia "tik"? Isipolia, na umeme unafika, tatizo ni swichi tu. Kisha legeza nati ya bomba la nozeli, piga selfu, uone kama dizeli inaruka. Hapo angalau umeuliza swali.

Sisemi pampu hazifi. Zinakufa sana tu. Gari linalowaka vizuri likiwa baridi lakini likipata moto ukalizima haliwaki tena, mwagia pampu maji baridi taratibu au ifunike kitambaa chenye maji. Likiwaka, kuna uwezekano mkubwa ndani pameliwa. Pampu hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Ndiyo maana uchakachuaji uliua magari ya watu. Mnakumbuka mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwakata tamaa wachakachuaji. Wanaopikia na kuwashia taa vijijini ndio waliolipia dhambi hiyo, lakini hiyo ni makala nyingine.

Na wenye D-4D msidhani mmepona. Kwenye pampu zenu kuna valvu ndogo inayodhibiti mafuta yanayoingia. Ikichoka, gari linayumba kwenye sailensa na kuzima lenyewe. Inabadilishwa peke yake! Ila watu wanauziwa pampu nzima. (Hizo msizilegezee bomba kama 3L, presha yake inapita bar 1,000, inapenya ngozi.)

Mtaniambia mafundi ni wezi. Wengine ndiyo, wana cha juu chao duka la spea. Lakini hebu tujiulize na sisi. Ukipelekewa bili ya "kupima, elfu thelathini", si unapiga kelele? "Kupima tu! Hujabadilisha kitu!" Tunalipa kufunga, hatulipi kujua. Basi fundi aliyekaa saa mbili na kidumu analala njaa, na aliyetamka "imekufa" kwa dakika tano anakula kuku. Yule mzee wa malori mjomba alimpa elfu kumi, tena kwa kusuasua. Nilimwambia mjomba wangu hapo hapo kwamba hilo nalo si haki, akaninunia mpaka jioni.

Kilichonimaliza ni hiki. Tulirudi kule gereji kudai pampu ya zamani, maana sasa tunajua ni nzima. Fundi hakutuangalia usoni.

"Ile tulishaitupa, mzee."

Wapi? Jalala gani? Akasema hakumbuki. Nyuma yake kulikuwa na pikapu nyingine imefunguliwa boneti, na mwenyewe amekaa kwenye benchi anahesabu hela.