HODI KABLA YA BIASHARA

Mwenye kampuni ya utalii hapa Unguja, anayewapeleka wageni kwa ndege ndogo kwenda kuangalia wanyama Mikumi na kuwarejesha jioni, huenda hajawahi kumwona katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa ufuta huko Kilosa. Hata hivyo watu hawa wawili wanatumia daraja moja. Mmoja hutuma bei za safari na tiketi, mwengine hutuma bei za mnada, na wote hupitishia ujumbe wao katika WhatsApp. Daraja hilo lina mwenyewe, lina ushuru, na lina idadi ya watu wanaoruhusiwa kupita kwa siku. Leo tunapenda kulizungumza, kwa sababu wengi wetu tunalipita bila ya kuyasoma masharti yake.

Jambo lenyewe si geni kwa Visiwa hivi. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Kampuni iliyoumiliki ilikuwa ya Kiingereza, na malipo yalihesabiwa kwa neno. Wafanyabiashara wa zama hizo wakajifunza kutunga maneno ya mkato, hata neno moja likabeba habari ya sentensi nzima. Aliyeifahamu hesabu aliokoa fedha zake. Asiyeifahamu aliwalipa wenye waya.

WhatsApp ni mali ya kampuni ya Kimarekani ya Meta, iliyoinunua mwaka 2014 wakati ikiitwa Facebook. Mwaka 2018 wafanyabiashara walifunguliwa milango miwili. Wa kwanza ni wa mwenye duka dogo: programu ya biashara isiyotoza ada kwa kila ujumbe. Huyu anaweza kutangaza, lakini orodha moja ya matangazo haizidi watu 256, na tangazo halimfikii mtu ambaye hakuiweka namba ya mtumaji katika simu yake. Mlango wa pili ni wa wenye shughuli kubwa, wanaounganisha kompyuta zao na mtandao huo ili zitume ujumbe zenyewe. Hapo ndipo penye ushuru.

Kwa wanaopita mlango wa pili, ujumbe umegawanywa katika mafungu manne. La kwanza ni ujumbe wa kunadi: punguzo la bei, bidhaa mpya, karibuni tena. La pili ni taarifa ya shughuli ambayo mteja mwenyewe ameianzisha: risiti, saa ya ndege, ukumbusho wa malipo. La tatu ni tarakimu za kuthibitisha kwamba mtu ndiye yeye. La nne ni jibu la mteja aliyeuliza. Mafungu matatu ya mwanzo huandikwa kwanza kama violezo, na Meta huvikagua kabla ya kuvipa ruhusa.

Hadi katikati ya mwaka 2025 malipo yalihesabiwa kwa mazungumzo ya saa 24. Tangu tarehe 1 Julai 2025 yanahesabiwa kwa kila kiolezo kilichomfikia mpokeaji, na bei hufuata nchi ya namba ya mpokeaji, si ya mtumaji. Katika orodha ya mwaka huo, ujumbe mmoja wa kunadi kwa namba ya Tanzania au Kenya ulikuwa kadiri ya senti 2 na robo za dola ya Marekani, na ujumbe wa taarifa haukufika nusu ya senti. Ujumbe huo huo wa kunadi ukipelekwa kwa namba ya Ujerumani ulipindukia senti 13, yaani takriban mara sita. Anayenadi safari ya Mikumi kwa Wajerumani elfu moja atalipa zaidi ya dola 130 kabla hata mmoja wao hajaitikia.

Tazameni sasa upande wa pili wa hesabu hiyo. Mteja akianza yeye kuandika, mlango hubaki wazi kwa saa 24, na kila akiandika tena saa huanza kuhesabiwa upya. Ndani ya muda huo jibu halina ada, kwa utaratibu uliowekwa mwezi Novemba 2024. Tangu Julai 2025 hata taarifa ya shughuli haitozwi ikipelekwa wakati mlango u wazi. Aliyeulizwa hujibu bure, na anayejipeleka mwenyewe hulipa.

Na anayejipeleka amewekewa kipimo. Anayeanza, ambaye biashara yake haijathibitishwa, anaruhusiwa kuwaandikia watu 250 tofauti kwa saa 24, bila ya kuwahesabu wale anaowajibu. Baada ya hapo hupanda ngazi, hadi asiwe na kikomo. Kiolezo kinacholalamikiwa na wapokeaji wengi husimamishwa kwa saa 3; kikirudia, saa 6; na mara ya tatu hufungwa.

Wako wanaoyaona masharti haya kuwa ni ukorofi wa kampuni kubwa. Sisi hatuyaoni hivyo yote. Katika mila zetu za Visiwani mgeni hasukumi mlango wa mwenziwe. Husimama kizingitini, akapiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Simu ya mtu leo ni sehemu ya nyumba yake. Mfanyabiashara anayenunua orodha ya namba za watu asiowajua, akawaamsha kwa matangazo usiku, amevunja mlango, na hata kama hakulipishwa senti moja amefanya kosa. Kumtaka apige hodi si uonevu. Sheria yetu wenyewe ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inalinda haki hiyo hiyo: namba ya mtu si bidhaa ya kuuzwa gengeni.

Tatizo letu liko pengine. Yule anayeamua bei, idadi na wakati hakai miongoni mwetu, na wala hatuulizi. Mwezi Aprili 2025 Meta ilisimamisha ujumbe wa kunadi kwa namba za Marekani. Yeyote aliyekuwa ameweka matumaini yake yote katika njia hiyo ya kuwatangazia wageni wa nchi ile aliamka akakuta imefungwa. Hakuwa na pa kulalamika, kwa sababu daraja si lake.

Kwa mwenye kampuni, hasara hiyo ni ya fedha. Kwa mkulima na kwa mkaazi wa bondeni hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Chukueni mfano wa chama cha ushirika chenye wanachama 600 katika vijiji vya Kilosa, kilichojiunga na mlango wa pili juzi tu. Bei ya mnada ikitoka asubuhi, kwa kipimo cha watu 250 wanachama wa mwisho wataipata siku ya tatu. Katika siku hizo mbili mlanguzi mwenye pikipiki ameshafika mlangoni kwao.

Na yako mambo yasiyongoja hata saa moja. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makaazi, na reli ya kati ikakatika. Tahadhari ya maji yanayokuja haiwezi kupangwa katika fungu la kunadi wala la risiti, haiwezi kungoja kiolezo kikaguliwe ng'ambo, na haiwezi kuwabagua wenye simu ndogo za vitufe. Ndivyo ilivyo pia kwa mvuvi wa Nungwi au Micheweni anayetaka kujua habari za upepo kabla ya kutweka tanga.

Njia nyengine zipo. Serikali inao mfumo wa *152*00#, ambao hufunguka katika simu yoyote bila ya intaneti. Upo pia utaratibu wa mnara wa simu kutangaza ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo chini yake, pasipo kuijua namba ya mtu hata mmoja. Uholanzi, nchi iliyozoea kupigana na maji, imekuwa ikiutumia kwa tahadhari za hatari tangu mwaka 2012. Posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo linalojengwa kwa ajili ya Kilosa ni haki ya Pemba vilevile.

Kwa hayo tunatoa wito kwa pande mbili. Wafanyabiashara wetu wayasome masharti kabla ya kujiunga. Waiweke namba yao mlangoni mwa duka, katika risiti na katika tiketi, ili mteja aanze yeye kuandika. Wamjibu siku ile ile, na waweke kando daftari la wateja wao ambalo halimo mikononi mwa kampuni yoyote. Tangazo lisiloombwa ni ghali na huchosha watu; jibu la haraka ni bure na huleta mteja wa pili.

Maofisa wa Serikali, Bara na Visiwani, wautumie mtandao huo kwa kujibu masuala ya wananchi, kwani kwa kazi hiyo unafaa. Lakini tahadhari ya mafuriko, ya maradhi na ya bahari isiwekwe katika chombo ambacho usukani wake umeshikwa na mwengine. Kila wilaya yenye mto kama Mkondoa, na kila shehia yenye bandari, iwe na njia yake ya kuwafikia watu wote, iliyojaribiwa wakati wa jua. Siku ambayo maji yatavunja kingo tena, wananchi hawatauliza ujumbe ulikuwa wa fungu gani wala uligharimu senti ngapi. Watauliza kwa nini haukuwafikia.