Huna Kichwa Kibovu cha Hesabu, Una Haraka

Jamani, tuambiane ukweli. Tangu niseme hapa kwamba narudia GRE, ule mtihani ambao baadhi ya vyuo vya Marekani hudai kabla ya kukupa nafasi ya uzamili, ushauri ni uleule: "Nunua kosi, lipia tena, rudia baada ya siku 21." Siku 21 ndiyo muda mfupi kabisa unaoruhusiwa kati ya jaribio moja na lingine. Watu wanauchukulia kama dozi ya malaria, ukiimaliza umepona.

Mimi nilipata 147 kwenye hesabu. Alama zinaanzia 130 hadi 170, kwa hivyo msinifariji. Ada ni dola 220, karibu Sh28,000. Hapa Miasenyi hao ni mbuzi watatu, na mama ndiye aliyewauza. Bado sijataja tikiti ya treni hadi Nairobi na pa kulala. Sasa mtu akiniambia "jaribu tu, huenda ukabahatika," namuuliza: kwa mbuzi wa nani?

Halafu kuna hii aibu yetu. Hesabu za GRE ni za kiwango cha sekondari: nambari, aljebra, jiometri, takwimu. Hakuna kalkulasi hata kidogo. Kikokotoo unapewa kwenye skrini. Lakini mwenye digrii hataki kuonekana na kitabu cha kidato cha pili. Mimi mwenyewe niliazima cha mdogo wangu, nikakifunika na gazeti siku mbili za kwanza. Ujinga mtupu.

Na wale wa "fanya maswali elfu moja"? Nilifanya mengi sana, na alama haikusogea. Kilichonifungua macho ni yale majaribio mawili ya bure ya POWERPREP, ya wenye mtihani wenyewe. Nilikaa na kila swali nililokosa, nikaandika daftarini kwa nini nimelikosa. Nilitarajia kuandika "sijui" kila mahali. Wapi! Mengi nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimesoma nusu ya swali na kukimbilia jibu.

Chukua hili, la kwangu mwenyewe lakini mtindo ni wao. Mraba wa x ni 9. Upande huu kuna x, upande ule kuna 2. Kipi kikubwa? Nikarukia x, kwa sababu x ni 3. Kumbe x inaweza kuwa -3 pia, na jibu sahihi ni kwamba huwezi kujua. "Huwezi kujua" ni jibu kamili kule! Mimi shuleni sikuwahi kuzoezwa kulichagua. Kwenye KCSE ukikosea mwisho, hatua zako nzuri bado zinakuokolea maksi mbili tatu. Huku kompyuta haioni hatua, inaona jibu tu.

Au mbuzi wa Sh10,000 apandishwe bei kwa asilimia 20, halafu ashushwe kwa asilimia 20. Amerudi palepale? Muulize dalali yeyote wa mifugo, atakucheka. Ni Sh9,600.

Na haraka ina gharama zaidi mwanzoni. Maswali ni 27 kwa dakika 47, sehemu mbili. Unavyofanya yale 12 ya kwanza ndivyo inavyoamuliwa ugumu wa yale 15 yanayofuata. Ukiyavuruga, unapewa sehemu rahisi na alama za juu zinakupita.

Kwa hivyo mnaouza kosi za "pita kwa wiki tatu", mnauzia watu haraka, na haraka tunayo tele bure. Mimi nimejipa wiki kumi, na kila Jumapili narudia makosa ya daftari, si maswali mapya. Mama ameshaniuliza kama mbuzi wengine watahitajika. Nimemwambia hapana.

Msinitumie matangazo wiki hii. Niko kwenye uwiano, na gazeti nimelitoa.