Mota mpya, beringi kila mara: tutazame kapilingi

Mwezi Juni, ufuta ukiwa umeanza kuingia maghalani, nilikitembelea kikundi kimoja cha kukamua mafuta karibu na Nangurukuru, Kilwa. Mota mpya, mashine mpya, lakini walikuwa wanabadili beringi kwa mara ya tatu. Kila mmoja alikuwa na mtuhumiwa wake: umeme mdogo, beringi feki, fundi. Hakuna aliyekuwa ametazama kapilingi, pale shafti ya mota inapoungana na ya giaboksi.

Nilipolaza rula ya chuma juu ya vipande viwili vya kapilingi, mwanga ulipita chini yake. Mimi ni mchumi, si fundi, lakini hilo hata mimi niliweza kuliona.

Mota nyingi za mashine zetu huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Shafti zisiponyooka pamoja, kila mzunguko unaongeza mzigo kwenye beringi. Na hesabu ya beringi za gololi ni kali: mzigo ukiwa mara mbili, maisha yake hushuka hadi moja ya nane. Muuzaji atakwambia kapilingi ya raba inasamehe. Raba inavumilia kidogo kweli, lakini beringi inaendelea kuumia.

Kazi yenyewe haina uchawi. Zima umeme kwenye swichi kuu na uifunge ili mtu asiwashe. Angalia miguu minne ya mota: mmoja ukielea, ukikaza nati fremu inapinda na vipimo vyote vinavyofuata ni vya uongo. Kisha pima kwa rula juu, chini, kushoto na kulia, na kwa fila geji upime nafasi kati ya nyuso mbili za kapilingi sehemu hizo hizo. Kimo hurekebishwa kwa vipande vyembamba vya bati chini ya miguu. Pembeni, kwa kuisogeza mota. Ukishakaza, pima tena.

Hiyo ni nusu siku. Linganisha na wiki ya kusimama katikati ya msimu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, aliyetegemea spea kutoka Kariakoo hakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Ufuta una mafuta karibu nusu ya uzito wake, na bado sehemu kubwa tunaiuza mbegu mnadani. Anayethubutu kukamua hapa hapa asiangushwe na ufungaji mbovu. Mikopo mingi ya vikundi hununua mashine na kusahau kuifunga. Mkataba useme wazi: malipo ya mwisho hayatoki mpaka vipimo vya kapilingi viandikwe na kusainiwa, mashine ikiwa baridi na tena baada ya kufanya kazi. Na chuo cha VETA Lindi kingeweza kuweka saa moja ya kupimia, ile inayosoma sehemu za mia za milimita, na kuikodisha kwa siku pamoja na mwanafunzi anayejua kuisoma.