MSAADA NUSU SI MSAADA

Ndugu Wafanyi Kazi,

Wengi wetu tuna ndugu wanaofanya kazi Marekani, na watoto wao wako sekondari huko. Kila mwaka, shule zikifungwa kati ya Juni na Agosti, koleji nyingi huwafungulia vijana hao milango wasome masomo ya chuo kabla ya kumaliza sekondari. Jambo hilo ni jema. Swali letu ni hili: nani hulipa, na mzazi huambiwa lini?

Msaada mkubwa wa serikali ya Washington kwa wanafunzi maskini, uitwao Pell Grant, kwa sheria haupewi kijana ambaye bado yumo sekondari. Mwaka 2016 walianza jaribio la kuwapa vijana hao katika koleji 44. Jaribio si haki. Basi kila jimbo lina desturi yake, na mfanyi kazi hubaki akibahatisha.

Tazameni California. Karo ya koleji za umma za miaka miwili ni dola 46 kwa yuniti moja. Somo la yuniti tatu ni dola 138. Koleji yaweza kumsamehe kijana wa sekondari karo hiyo. Lakini vitabu je? Nauli je? Mzazi husikia neno "bure" akashangilia, kisha bili inabisha mlangoni.

Sasa tazameni Ohio. Huko, kwa mpango wa College Credit Plus ulioanza mwaka wa masomo 2015-16, mwanafunzi wa shule ya umma akiingia koleji ya umma halipi karo wala vitabu, hata wakati wa likizo. Akianguka somo, wilaya ya shule yaweza kudai gharama, lakini sheria huzikinga familia maskini. Basi yawezekana! Wasemao haiwezekani hawataki tu.

Mabwana wengine hutujibu, "Mpewa hachagui." Hapana! Fedha za serikali si sadaka. Ni kodi iliyokatwa katika mishahara ya wafanyi kazi, na aliyekatwa mshahara ana haki ya kuuliza.

Sisi wa vyama vya wafanyi kazi twalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1959, ndugu yetu Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, nafasi za masomo zilikuwapo, nauli haikuwapo. Ilibidi fedha zichangwe. Nafasi bila nauli ni karatasi tu. Na hapa kwetu, ni watoto wangapi wamenyimwa vyeti kwa sababu ya salio la karo, ingawa sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 yakataza?

Kwa hiyo twasema:

1. Gharama yote iandikwe katika karatasi moja kabla kijana hajaandikishwa: karo, vitabu, nauli, na deni akianguka.

2. Jibu la msaada litolewe kabla ya siku ya kulipa, si baada yake.

3. Kijana asizuiliwe matokeo yake kwa deni ambalo mzazi hakuelezwa.

Wenye ndugu huko, waandikieni leo: wasitie sahihi kabla ya kuona hesabu yote. Na sisi tulio hapa, tukipewa basari ya mtoto, tuulize vivyo hivyo, tena tuulize pamoja. Mmoja akiuliza huitwa mkorofi. Mia wakiuliza hujibiwa.

UMOJA NI NGUVU.